Mafundo Ishirini na Sita

Makambako,
Wilaya ya Njombe.
Jumapili, 25 Novemba 1951

Mpendwa mdogo wangu Danieli,

Kamwene. Pokea salamu zangu huko Tanga kwenye joto na mkonge. Hujambo? Umelalaje, umeamkaje? Na kifua je? Katika barua yako ya mwezi wa tisa ulisema kikohozi ni kidogo tu, lakini mistari yako ilikuwa imeteremka upande mmoja, kama ya mtu aliyeandika akiwa amelala. Mimi nilikubeba mgongoni, Danieli, usinifiche.

Sisi huku miili ni mizima. Mume wangu Manase anakusalimu, na Fidelia wetu ameota meno mawili ambayo anayatumia kuniuma. Mvua zimeanza, mahindi yamekwisha kupandwa, na asubuhi baridi bado inatutoa machozi.

Sasa tafuta mahali uketi kabla hujaendelea kusoma. Baba yetu hayupo. Alifariki Jumatatu tarehe 19, saa nane mchana, mama na mimi tukiwa kando ya kitanda chake. Tulimzika Jumanne, mvua ikinyesha, karibu na babu. Sikukupelekea simu ya maandishi kwa sababu ingepita kwa karani kwanza, naye angekusomea mbele ya watu. Nilitaka usikie kutoka kwangu. Kama nimekosea, nisamehe.

Nataka pia ujue ilivyokuwa, maana watu wa Njombe wanaokuja huko watakueleza kila mmoja kwa namna yake.

Unakikumbuka kitabu chake cha nyimbo, na zile karatasi alizozishona nyuma, kila tarehe na mahali pake. Kila jioni baada ya sala ilikuwa lazima tusikilize mambo yaliyotokea siku kama hiyo miaka ya nyuma, hata kama ugali unapoa. Tarehe 11 Novemba ndiyo iliyojaa kuliko zote. Mwaka 1483 Luther alibatizwa akaitwa Martini. Mwaka 1918 vita vya kwanza vya wazungu vilikwisha, saa tano asubuhi. Mwaka 1937 mvua ya mawe iliua mbuzi wetu watatu, nawe ukamlilia yule mweusi mpaka ukakosa sauti. Na katikati, kwa wino uliokolea: 1918, ndugu yangu Danieli alikufa njiani, asubuhi mapema.

Ndiye baba mdogo uliyepewa jina lake. Hadithi yao tuliijua nusu tu. Walikamatwa pamoja tarehe 17 Oktoba, Wajerumani walipopita Njombe wakielekea Rodezia, wakatwishwa mizigo. Baba alikuwa na kamba ya magome, akifunga fundo kila siku ili asipotelewe na hesabu. Siku aliyomzika ndugu yake alifunga fundo la ishirini na sita, akaacha. Aliporudi, mwalimu wa misheni akahesabu mafundo kuanzia tarehe 17, akapata 11 Novemba. Ndivyo ilivyoandikwa, na ndiyo sababu kila mwaka siku hiyo baba alitembea hadi boma kusimama kimya na wazee wa vita, ingawa hakuna aliyewahi kulitaja jina la ndugu yake pale.

Mwaka huu tarehe 11 iliangukia Jumapili, nami nilikuwa nimekwenda kumsalimu mama, kwa hiyo nilimsindikiza baba bomani. Tarumbeta lilipigwa, tukasimama, tukamaliza. Tulipokuwa tunaondoka, mzee mmoja akamshika baba bega na kumwita kwa jina lake, Methusela. Alikuwa Hilari wa Uwemba, aliyebeba mizigo pamoja nao. Baada ya vita alikwenda Lupa kwenye dhahabu, kisha akaishi Manda miaka mingi, amerudi mwaka huu. Alisema ametoka kwenye misa ya Mtakatifu Martini, lakini kwa harufu yake nadhani alipitia kwenye pombe ya ulanzi pia. Walishikana mikono wakicheka na kulia pamoja. Sijawahi kumwona baba hivyo.

Tukaja naye nyumbani kula viazi. Baba akaitoa kamba ndani ya kitabu amwonyeshe. Hilari akaishika, akacheka, akasema, "Hii kamba! Na Jumapili ulikuwa unaikataa, unasema kufunga fundo ni kazi, Mungu ataona. Tumebeba masanduku ya risasi kutwa nzima, wewe unaogopa fundo."

Alikuwa anatania tu. Lakini baba aliacha kutafuna.

Unajua Walutheri tulivyolelewa. Jumapili hatupasui kuni, hatushoni kifungo. Baba alikuwa kijana wa miaka ishirini, amebatizwa mwaka ule ule, na amri aliyoweza kuishika katika safari ile ilikuwa hiyo moja. Mwalimu alipohesabu mafundo hakuuliza habari za Jumapili, wala baba hakumwambia. Kama alisahau kweli, au hakutaka kukumbuka, mimi sijui.

Hilari alipoondoka, baba aliniomba karatasi. Unajua nilivyokuwa nikijivunia hesabu shuleni. Nikaanza na Alhamisi ile ya tarehe 17 Oktoba, nikaruka Jumapili zote nne. Fundo la ishirini na sita liliangukia Ijumaa, tarehe 15 Novemba. Nikamwonyesha kwa kidole, upesi upesi, nimefurahi kwamba nimepata jibu. Danieli, nilifurahi. Hilo linanichoma mpaka sasa.

Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Ndipo akanieleza ile nusu nyingine, akitazama mlango badala ya kunitazama. Baba mdogo alikuwa na homa ya mafua, ile iliyoua watu wengi mwaka ule. Asubuhi ile aliketi chini kando ya njia akasema amechoka. Baba aliogopa asije akapigwa, akamwinua kwa mkono, akamtwisha tena mzigo, akamwambia, "Inuka, ndugu yangu, vita havijaisha." Alikwenda hatua chache akaanguka, na hakuamka. Wao wapagazi wa nyuma hawakuwa wameambiwa neno lolote. Miaka thelathini na mitatu baba alijituliza kwamba saa tano ilikuwa bado kufika, kwamba alilosema lilikuwa kweli wakati alipolisema. Kumbe vita vilikuwa na siku nne tangu viishe.

"Basi nilimdanganya," alisema.

Nilimwambia hakujua. Mama akamwambia hivyo hivyo. Mchungaji alikuja Jumatano akamwambia vizuri kuliko sisi. Alituitikia wote kwa adabu. Tarehe 15 alikifungua kitabu, akafuta mstari ule kwenye tarehe 11, akauandika upya mahali pake. Kuanzia hapo alikunywa uji kidogo tu. Kifua kikambana. Watu wanasema alikuwa anaingoja tarehe ya ndugu yake. Hakungoja tarehe yoyote. Alikuwa mzee, alipigwa na mvua akirudi kutoka boma, na moyo wake ulivunjika. Mimi ndiye niliyeshika penseli.

Sasa nisikilize, maana haya ndiyo yaliyonifanya nikae niandike. Jumapili jioni, tarehe 18, aliniambia nimsomee barua yako tena. Nikasoma pale uliposema umebakiza siku arobaini katika kipande chako, ile kadi ya kazi, na kwamba siku za kuumwa na Jumapili hazitiwi alama, na kwamba hutaki kulala hospitali kwa sababu siku zitarefuka. Akanisimamisha. Akaniambia nirudie pale pa siku zisizohesabiwa. Nikarudia. Kisha akasema, "Mwandikie Danieli. Akichoka, aketi. Asingoje mtu amwambie kazi imekwisha."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyaelewa.

Mama alitaka kamba izikwe naye. Nilikataa, tukasemezana mbele ya jeneza, aibu tupu, na mwishowe akaniachia. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ifunge kwenye kile kipande chako, uhesabu siku zako vizuri, pamoja na zile ambazo wao hawazitii alama. Halafu kaonane na daktari, ukalale hospitali. Ukipata nguvu, njoo nyumbani, arobaini iwe imetimia au haijatimia. Lori za Iringa zinasimama hapa mbele ya nyumba yetu, nami hutoka nje kutazama kila moja inapofika.

Mama anakusalimu sana. Nilimwacha ameketi pale pale mlangoni ambapo baba alikuwa akipatazama. Mzee Hilari anakusalimu ingawa hakujui; siku zote za matanga alikuja na kuomba msamaha kwa kila mtu, hata kwa Fidelia. Sisi tumemsamehe. Wewe nawe ukifika, msalimie vizuri.

Mungu aliyemhurumia baba akuinue wewe taratibu, wala asiruhusu mtu mwingine akuinue kwa nguvu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikukaripia,
Hulda

Tarehe 19 Novemba katika kitabu cha baba ilikuwa tupu, haikuwa na neno hata moja. Nimeandika jina lake peke yake. Nakuomba, Danieli, usinipe jina la pili la kuandika.