Lita Nne na Nusu

Singida Mjini,
9 Oktoba 1996.

Kwa dada yangu mpendwa Editha,

Shikamoo dada. Habari za Manyoni, na shemeji Yohana anaendeleaje? Uliniandikia kwamba goti linamsumbua akipanda baiskeli. Naomba unijulishe kama ile dawa ya kuchua imemsaidia. Sisi huku tu wazima, ila vumbi la mwezi huu halituachi. Nasema sisi kwa mazoea tu, maana nyumbani niko peke yangu, kama unavyojua.

Barua yako nimeipata jana. Umesema Jumamosi utakwenda Kilimatinde kwa mzee Mazengo, wewe na baba mdogo, kumwambia kwamba binti yake Peniel, mke wangu, ana bwana huko Mtinko, na kwamba ukoo wetu unataka ng'ombe wake wa mahari warudi. Umeandika kwa hasira, na hasira hiyo ni kwa ajili yangu. Ndiyo maana nampa barua hii dereva wa basi la asubuhi, ikufikie kabla hujatoka. Isome yote, dada, hata ukifika mahali ukatamani kuichana.

Unanijua nilivyokuwa. Nimeendesha lori la ushirika miaka kumi na minne, wakati ule mafuta yanapatikana kwa kibali na dereva anasalimiwa kama mganga mkuu. Ushirika ulipokufa na kila mtu akaruhusiwa kuuza chochote popote, nilichukua kiinua mgongo changu nikanunua ile Starlet ya mtumba. Peniel nilimfundisha mwenyewe kuendesha, kwenye kiwanja cha mpira, ili siku za mnada aende Mtinko kununua kuku wa kupakia kwenye mabasi ya Dar. Watu walinisifu, na mimi nilijisifu kuliko wao.

Neno lilianzia kituo cha mafuta. Mtindo wangu ni kujaza tangi mpaka mdomoni kabla ya safari, na kulijaza tena baada ya safari, ili nijue limekunywa kiasi gani. Tulifanya hivyo kwenye lori na sikuacha. Basi nikienda mimi Mtinko na kurudi, gari linapokea lita nane, siku nyingine na kidogo juu. Akienda Peniel, barabara ileile, matenga ya kuku yakiwa yamejaa kiti cha nyuma, linapokea lita nne na nusu. Mara ya kwanza nilidhani pampu imekosea. Mara ya tatu yule mama anayejaza mafuta aliwaambia madereva wote waliokuwa kwenye foleni kwamba Elisha amwombe mkewe amfundishe kazi. Walicheka mpaka mmoja akashikilia bodi ya gari lake. Mimi nilicheka pia, dada, nikalipa upesi nikaondoka.

Nilianza kufikiri. Lita tatu na nusu haziingii tangini zenyewe, nikajiambia, kwa hiyo kuna mtu anazitia. Na Mtinko yuko mtu mmoja tu anayeuza petroli kwa madumu, Antipasi, mwanamume mrefu mwenye maneno matamu, anayemwita Peniel mama kuku na kumbebea matenga. Usiku na mchana nikawa namwona Antipasi akiinamia tangi la gari langu. Peniel akiimba jikoni, nasikia anamwimbia yeye. Akinyamaza, naona anamuwaza. Wivu ulinizidi hata salamu zake nikawa naziitikia kwa kuguna.

Siku ya mnada iliyopita nilimwambia tutakwenda wote. Tulipofika tu, Antipasi alikuja kumsalimu na kumwuliza kama safari hii anahitaji mafuta. Hapo nikapasuka. Nilisema mbele ya mnada mzima kwamba anamlipa mke wangu kwa petroli, na nikataja anamlipia nini. Mke wa Antipasi alikuwa pembeni akipima alizeti. Aliweka debe chini, akajitanda khanga usoni, akaondoka. Antipasi aliapa kwamba Peniel hajawahi kununua kwake hata chupa moja. Peniel aliingia garini, akashika usukani, akaningoja.

Njia nzima nilimtazama mguu. Yeye haondoki kwa kishindo. Anaingiza gia kubwa mapema, na gari linakwenda bila kelele. Akiona ng'ombe mbali, anaachia mafuta palepale, na tunapowafikia wameshavuka, wala hakugusa breki. Mimi dada nakanyaga mpaka mwisho, nawafikia, napiga breki na honi, kisha naanza upya. Nikikutana na watu stendi nasalimiana nao injini ikiunguruma, maana gari lililozimwa nani ataliangalia? Tulipofika mjini alipitia kituoni mwenyewe, akajaza mpaka mdomoni. Lita nne na nusu. Aliniwekea funguo mapajani, akaenda kupanda basi la kwao, akiwa na nguo alizovaa tu.

Hayo ya mnadani niliwaandikia ninyi nyote, ila ya njiani na ya kituoni sikuyataja. Lakini kuna jambo jingine sijamwambia mtu, nalo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Dada, mimi nilijua. Wiki tatu kabla ya mnada ule nilinunua mfuniko wa tangi wenye ufunguo. Nilijaza mwenyewe, nikafunga, ufunguo nikaufunga kiunoni kwa uzi. Peniel alikwenda Mtinko akarudi, nikafungua, nikajaza. Lita nne na nusu. Nikarudia safari ya pili, ikawa vilevile. Hakuna aliyemtilia tone. Nilikwenda mnadani nikiwa najua kwamba hana bwana, na kwamba Antipasi hana kosa lolote. Wivu wangu haukuwa wa Antipasi. Ulikuwa wa Peniel, mguu wake, na kile kicheko cha kituoni. Niliona afadhali watu waseme mke wa Elisha ni malaya kuliko waseme anamshinda Elisha kuendesha gari.

Kwa hiyo usiende kudai ng'ombe. Nenda, lakini ukiwa na barua hii. Baba mdogo aisome kwa sauti mbele ya mzee Mazengo na mkewe, na Peniel awepo, na hilo neno nililoliandika lisirukwe. Nikitozwa faini, nitalipa. Kwa Antipasi na mkewe nitakwenda mwenyewe siku ya mnada, na nitasema palepale niliposemea. Peniel akikataa kurudi, msimlazimishe, na gari apewe yeye, ndiye anayelijua. Mimi jana nimejaribu kwenda Mtinko polepole kama yeye, nikiwa peke yangu, hakuna wa kunitazama. Lita sita. Na nisikufiche, dada, roho iliniuma tena.

Nisalimie shemeji na watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Baba mdogo mpe shikamoo yangu kabla hajaanza kusoma, maana akimaliza huenda asiipokee.

Ni mimi mdogo wako,
Elisha