Mwanamuke wa Kona ya Munane

Kazi moja, jumatatu 9 juin 2025

Nimerudi ku mulima! Miezi mitatu sikugusa kinga – baiskeli yangu ya kukimbia, yenye Tata Godefroid wa club ananiwekea kwake. Leo saa kumi na moja na nusu nilitoka Kapata, baridi ya juin inakata masikio, nikapanda Kasanda yote. Kilometa saba, kona kumi na moja. Sikushuka hata mara moja.

Stanislas, bwana yangu, nilimwambia ku téléphone kama naenda messe ya asubuhi ku kanisa. Yeye iko mu route na camion ya minerai, lori ya mawe ya mine, atarudi kazi ine.

Nilimuapia. Mwezi wa tatu, camion ilimugonga Kalala wetu wa club palepale Kasanda, akakufa. Stanislas alinishika mukono mbele ya mama ya Kalala, akaniambia: Mama Merdi, ile mulima basi. Yeye ni shofere, anajua anachosema. Nikaapa.

Lakini nifanye namna gani? Nafundisha batoto ku école nikiwa natembea, mupaka wanacheka. Ku nyumba miguu inakataa kutulia. Ku kona ya mwisho unageuka – muto Lualaba iko chini na ukungu yake, na mashimo yote ya mine, yenye inatukula, inakuwa midogo sawa sahani. Pale napumua.

Kazi tatu, 11 juin

Course ya banamuke, mashindano ya kupanda Kasanda, ni siku ya Mungu. Tata Godefroid aliandika jina yangu bila kuuliza! Anasema Jessica peke yake njo anaweza kunishinda. Akanipa bidon mupya ya maji, muekundu, sawa ya benzangu bote.

Nilikataa. Halafu nikapaka chaîne ya kinga mafuta.

Kazi ine, 12 juin

Mukono inauma, naandika vibaya.

Kona ya munane. Napanda, nimesimama juu ya pedali. Camion inashuka. Nasikia mbele ya kuona – honi, honi, honi, haiachi. Inatoka mu kona, imechukua barabara yote. Niliruka mu mufereji pamoja na kinga. Mabwe. Vumbi. Harufu ya frein, breki ya kuungua. Na sauti ku dirisha: Toka! Toka, mama!

Ile sauti najua. Nalala nayo miaka kumi na mbili.

Niliinua kichwa. Cabine ya bluu, na bâche, turubai yenye nilishona ku pembe mi mwenyewe. Hakunijua – kaske ku kichwa, lunette ku macho, foulard ku mdomo juu ya vumbi. Camion ikateremuka, kona ya saba, ya sita, ya tano.

Hakusimama.

Kazi tano, 13 juin

Jana mangaribi. Bukari na samaki mbele yetu, Stanislas hakugusa. Mutoto wetu Merdi alikuwa inje na batoto benzake. Mi na chemise ya mikono mirefu, juu ya kuficha vidonda.

– Mama Merdi, leo karibu niue mutu.

– Nani?

– Sijui. Mwanamuke wa kinga, ku Kasanda. Frein haikushika. Bakubwa wa kazi niliwaambia mara tatu, wanasema endesha tu, tutatengeneza. Alianguka mu mufereji.

– Ukasimama?

– Camion ilikubali kusimama kule chini, mu tambarare. Ningeweza kurudi kwa miguu. Niliogopa, Mama Merdi. Niliogopa kumukuta.

Akashika mukono yangu – ile ya kuuma! – akasema tumuombee ule mama. Tukafunga macho. Aliomba Mungu amupe uzima, batoto yake wamuone tena. Nikasema amina. Juu yangu mwenyewe nikasema amina!

Ningesema palepale. Mdomo ilikuwa wazi. Lakini huruma ilikuja pamoja na kasirani. Mi nilimudanganya, sawa. Yeye aliacha mutu mu mufereji. Kipi kizito? Napima tangu asubuhi, kipimo hakitulii.

Siku ya posho, 14 juin

Stanislas aliazima pikipiki ya jirani, akaenda Kasanda peke yake. Alirudi na bidon muekundu. Yangu. Akaiweka ku meza polepole sawa yai.

– Hakuna damu mingi, alisema. Anaweza kuwa muzima.

Funguo ya camion aliirudisha kwa bakubwa. Wakamwambia bashofere wako wengi ku mlango. Alinielezea vile mutu anaeleza mvua ya jana.

– Kesho ba-kinga bote watakuwa pale ku course, anasema. Nitauliza moja moja.

– Na ukimupata?

– Nitamuomba musamaha.

– Na akikufungisha?

– Anifungishe.

Nilitoka inje ya parcelle yetu. Nilizunguka njia za Kapata, nyumba zote sawasawa, mupaka mama mumoja akaniuliza nimepoteza nini.

Nisipoenda, atarudi mikono mitupu. Atabeba maiti mu kichwa maisha yote, na ule maiti anamupikia bukari kila siku! Nikienda...

Nilimwambia nitatangulia mapema ku kanisa. Bado nadanganya.

Siku ya Mungu, 15 juin, chini ya Kasanda

Naandika nimesimama, kaye, daftari yangu, iko juu ya usukani ya kinga. Vidole vimeganda. Tuko banamuke kenda mu mustari. Jessica iko karibu yangu, anapuliza mikono, ananiambia leo nitamutambua.

Stanislas amefika. Amevaa costume ya kanisa. Bidon iko mu mikono mibili. Ameanzia mwisho kule, anaenda mutu kwa mutu: Mama, njo weye ulianguka kazi ine? Wanatingisha kichwa. Mumoja anacheka. Yeye hacheki.

Godefroid anapiga firimbi – dakika tano! Wote wanapanda juu ya kinga.

Mi miguu yangu iko chini. Mara ya kwanza wiki yote inatulia.

Nimevua lunette. Nimevua foulard. Bado anaangalia Jessica, amemuinamia sawa mutu mbele ya padri. Jessica anasema hapana, tata, haiko mi.

Anageuka kwangu. Sasa njo mi –