Majina Yetu Nyuma ya Kitabu cha Dua

Dada Mwanaidi, shikamoo. Tabora ni vumbi tupu, na kila mlo nakula peke yangu. Leo hapa mtaani Gongoni nimenunua kitabu cha dua kilichokwishatumika. Nyuma yake nimekuta mwandiko wa baba, ambaye miaka yote tangu aondoke nyumbani tulisema ametusahau. Ameorodhesha watu wa kuwaombea, wa kwanza wewe, kisha mimi. Wino wa majina yetu umefifia kwa kupitiwa na kidole chake.

Muuzaji alimjua. "Mzee yule? Tulimzika sisi majirani, mama. Alikuwa akiona haya kurudi kwao Tanga."

Nimelia dada, bila wa kunipa pole. Nimeandika jina lake chini ya yetu. Ukishaswali magharibi mtaje nawe, maana hatujawahi kumwombea. Mungu akutunze.

Mdogo wako,
Zuhura