Punda wa Hatua ya Tano

Jumatatu, 3 Machi

Kikao. Bosi kaleta mtaalamu wa furaha. Siku hizi kila kitu kina fundi wake! Watu kumi na wawili wamejaribu gemu letu wiki nzima, na kila walipojisikia vibaya walibonyeza kitufe chekundu. Hatua ya tano niliyoitengeneza mimi, pale punda wa mkokoteni anaposombwa na mto hata uvute kamba yake vipi, imeongoza. Kitufe kimebonyezwa mara mia na nne. Nikajua napewa zawadi. Kumbe nimeudhi wateja.

Amri: punda asife. Wahenga walisema punda afe mzigo ufike – Bosi kawasahihisha bila hata kuwaita kikaoni.

Nikauliza, mbona hao hao waliobonyeza ndio waliogoma kwenda kula mchana wasiache kucheza? Mtaalamu kasema hilo halimo kwenye dodoso.

Ijumaa saa kumi toleo la zamani lifutwe kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Nimempa Baba tableti yenye gemu la zamani, angalau ashike kitu. Tangu tumzike Mama, miezi mitano sasa, anakaa tu akitazama mlango wa jikoni. Dereva wa malori aliyekuwa akigombana hata na redio! Msibani hakutoa chozi. Watu wakamsifu, mwanaume kweli. Mimi ile sifa inanitia hofu mpaka leo.

Leo kacheza nusu saa, akalitukana gurudumu la mkokoteni. Nimefurahi kusikia tusi, Mungu anisamehe.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudi kazini nikamkuta sebuleni, tableti magotini, analia. Kulia kwenyewe, mabega yanaruka. Nikataka kuizima. Akanisukuma mkono.

"Niache, we mtoto. Nimeshika kamba mpaka mwisho."

Sikuuliza kamba gani. Nikakaa chini, nikalia na mimi. Baadaye kajifuta kamasi, kaanza hatua ya tano upya. Mara nne! Chakula kala sahani mbili, halafu kanilaumu chumvi ndogo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemfundisha punda kuogelea. Anatoka mtoni anacheka, meno thelathini na mawili, tangazo la dawa ya meno. Mtaalamu kapiga makofi peke yake.

Wale kumi na wawili wamecheza tena. Kitufe hakijaguswa. Wamemaliza mapema, mmoja kasinzia na kukoroma. Bosi kaandika ubaoni: AMANI KAMILI. Hata makaburini ipo.

Ijumaa, 7 Machi

Saa kumi kasoro dakika sita. Tableti ya Baba imejisasisha yenyewe asubuhi – nilisahau kuizuia, kichwa changu hiki! Punda wa zamani kabaki kwenye kompyuta yangu tu.

Baba kanipigia mara tatu. Nimepokea.

"Nani kamtoa mtoni?"

Nikamwambia ni toleo jipya, Baba, sasa anapona.

Akasema polepole: "Aliyekufa kafa, mwanangu. Mrudisheni alipokuwa. Bado sijamaliza kumlilia."

Hajakata simu. Nimeilaza mezani, namsikia anapumua. Kompyuta inauliza: Futa kabisa? Bosi yuko nyuma ya kiti changu, anaangalia saa yake, anataka kujua kama tayari. Nimemwambia namalizia kuandika.

Anadhani hii ni ripoti.