Fimbo ya Taa ya Atu

Kiwalani, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Ugonile, Mama, na shikamoo juu yake. Mgongo unasemaje na baridi ya huko Tukuyu? Na yule ndama aliyekuwa anasusa kunyonya, ameshakubali maisha? Sisi huku tu wazima. Joto linatuonea na ndege zinapita juu ya bati letu mchana kutwa, lakini hayo tumeyazoea.

Naandika kwa sababu simu imenishinda. Kila nikipiga kwa baba mdogo naambiwa uko shambani. Jumapili jioni, mvua naisikia kabisa inavyopiga bati lenu, bado uko shambani! Najua unanikimbia, Mama. Tangu binti yetu Atu alipovuta lile sufuria la maji ya kuoga jikoni kwako na kuungua mkono, hujazungumza na mtu wa nyumba hii. Nimeona barua ni afadhali, maana ikishafika mikononi mwako huwezi kumtuma baba mdogo aijibu.

Nianze na mkono wenyewe. Kidonda kimefunga, tumshukuru Mungu. Kilichobaki ni kovu la kwenye kiwiko, upande wa ndani. Ngozi ilikuwa inajivuta, na mkono wa kulia ukakunjika kama wa mtu aliyebeba kuku kwapani. Dada wa mazoezi pale hospitali alitueleza wazi: mtoto aunyooshe kila siku, la sivyo ngozi itakaza na itabidi apasuliwe. Sasa mjukuu wako unamjua. Tukimgusa tu anapiga kelele mpaka majirani wanachungulia. Mama yake anaanza kulia, mimi natoka nje nikajifanye natafuta kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa hali yetu, na iliniumiza kuliko ninavyoweza kuandika.

Kitu kimoja tu ndicho alichokuwa anakililia kila siku. Kwenye katuni ameona malaika mwenye fimbo inayotoa nyota, na anaitaka. Nikakumbuka pale dukani ninapouza taa kuna moja ya urembo, imekaa juu ya kabati miaka. Ni ile yenye nyuzi nyembamba zilizochanua kama ua, kila ncha ina kitone cha mwanga. Kitako chake kilishavunjika. Nikamwomba bosi wangu, mzee Abbas.

"Ya nini, Lusekelo? Hiyo imekufa."

"Ya mkono wa mtoto, mzee."

Alipanda kwenye stuli akaishusha mwenyewe, na mtu mzima yule magoti hayamsaidii.

Zile nyuzi ni za plastiki, mithili ya uzi wa kuvulia samaki. Ukimulika tochi upande mmoja, mwanga unapita ndani kwa ndani mpaka unatokea ncha ya pili. Nilichukua paipu nyembamba ya kupitishia nyaya za umeme, ndani nikaweka kitaa cha tochi na betri, nyuzi nikazifunga fungu zichomoze juu. Kosa langu, nilizikata kwa kuzichoma na kiberiti, kama tunavyochoma ncha za kamba ya nailoni zisifumuke. Zikawa nyeusi na mwanga ukagoma kabisa.

Mzee Abbas alicheka mpaka akavua miwani. "Wewe umeziba mlango kwa moto, halafu unamkaribisha mgeni!" Akanielekeza nizikate kwa wembe mpya, kisha nizisugue kwa msasa laini mpaka zing'ae. Nikafanya hivyo, zikawaka vizuri sana. Mama mwenye nyumba alipoiona alisimama mbali akauliza, "Baba Atu, hiyo taa au tunguri?"

Kwenye mshikio nilikuwa nimeweka kitufe. Atu akakibonyeza mkono ukiwa umekunjika vilevile, akazunguka uani akigeuza watu vyura. Mimi niligeuzwa mara nyingi, na mkono haukunyooka hata kidogo.

Ndipo nikaukumbuka mtego wa panya aliokuwa anautega marehemu baba ghalani, ule ambao kamba ikikaza ndio unafyatuka. Nikang'oa kitufe. Nikafunga kamba kutoka kwenye mkanda niliomvisha begani mpaka kwenye vibati viwili ndani ya mshikio. Mkono ukikunjika, kamba inalegea na fimbo inazima. Ukinyooka, kamba inavuta, vibati vinagusana na fimbo inawaka. Nilianza na kamba fupi ili asiumie sana. Atu alijaribu, akauma meno, machozi yakamtoka, ikawaka. Hakuna aliyemshika, Mama. Alijinyoosha mwenyewe.

Basi kila baada ya siku kadhaa nikawa narefusha kamba kidogo. Nilidhani haoni.

"Baba, umeongeza kamba."

"Nimeongeza, mama."

"Haya, ongeza na taa."

Nikaongeza ya pili, nyekundu. Ningefanyaje?

Jumapili iliyopita tulifunga mapazia ili iwake vizuri, akaunyoosha mkono wote mpaka juu ya kichwa. Mama yake alipiga vigelegele. Dada wa mazoezi anasema kazi bado ipo, lakini habari ya kupasuliwa haitaji tena. Nikamuuliza Atu, "Sasa na fimbo hiyo utafanya muujiza gani?" Nilijua nageuzwa chura.

Akasema, "Nataka bibi aache kununa."

"Bibi kanuna?"

"Si nilimwaga maji yake. Ndio maana hataki kuongea na mie."

Umesikia, Mama? Wewe unajificha ukidhani tunakulaumu, na mtoto huku anadhani umemchukia. Hakuna anayekulaumu. Ajali haina kinga, na wewe ndiye uliyembeba mgongoni ukimkimbiza zahanati. Mama Atu mwenyewe ndiye aliyenikalisha chini nikuandikie, kwa sababu anakuonea huruma na anakukumbuka.

Nisalimie baba mdogo, umwambie namshukuru kwa kukusingizia shamba bila kuchoka. Nisalimie dada mwalimu na watoto wake, na shangazi wa kwaya, naamini sauti imerudi.

Jumapili hii tukitoka kanisani simu ya baba mdogo italia. Sitakuwa mimi. Atu ameshajiandaa la kusema, na mpaka sasa amelirudia mbele yangu mara nyingi asije akakosea: "Bibi, mkono umenyooka. Nikija nitakuchotea maji mengine." Pokea wewe mwenyewe, Mama.

Mwanao akupendaye,
Lusekelo, Baba Atu