Ua la Manjano

Kaka yangu mpendwa,

Sisi hatujambo, ila cherehani inagoma kama punda. Sebule nimeipamba kwa maua ya magazeti na vitambaa, na kila mgeni anasifu.

Juzi wifi alikuja kuchukua ule mfuko wa nguo mliouacha kwangu mlipohama. Unanijua, nikiona nguo kuukuu mkono unaniwasha. Nilikuwa nimeshazikatakata zote, nikazigeuza maua. Kumbe ni nguo za marehemu mwanenu!

Laiti angenitukana, kaka. Alisimama mbele ya ukuta, akagusa ua la manjano, akaniuliza kwa upole, “Wifi, unaweza kunigawia hili moja?”

Mengine yote nimeyabandua. Nitayaleta kwenu kwa uso gani?

Mdogo wako.