Masikio ya Papa Yanalia

Siku ya pili ya juma, tarehe 8 mwezi wa kumi
Papa, baba yetu, amekula bugali kidogo. Nimempa vidonge vyake vya kinini, dawa ya malaria, kisha kikombe cha maji ya maganda. Maganda mekundu ya mti, niliyachemsha asubuhi. Machungu kama nyongo, lakini anameza bila kukunja uso. Homa aliyotoka nayo Kibua imeshuka. Nguvu haijarudi. Furaha, muke wa kaka yangu Bahati, ameleta maziwa. Papa ameyamaliza.

Siku ya tatu, tarehe 9
Papa anasema masikio yake yanalia. Kama nyuki ndani ya mzinga. Nimeongeza maganda.

Siku ya ine, tarehe 10
Jasho baridi tangu asubuhi. Mikono inatetemeka. Haoni vizuri. Na homa hakuna! Sasa hii ni nini?
Nimewaza siku nzima. Kitu gani kigeni kinaingia mdomoni mwake? Maziwa. Furaha analeta mara tatu kwa siku, na haondoki mpaka kikombe kiwe tupu. Kwa nini anasubiri? Bahati yuko Pinga kwa biashara yake tangu mwezi jana. Huyu mwanamke hajamaliza mwaka kwetu. Kwao ni watu wa ng'ombe, sisi ni watu wa shamba. Simjui.
Karuho. Sumu ya mkono wa mtu. Sikutaka kuliandika neno hili. Nimeliandika.

Siku ya tano, tarehe 11
Nimemwaga maziwa nyuma ya nyumba. Furaha ameniona. Hakusema kitu. Mtu asiye na kosa angesema.
Papa hataki chakula. Kinini na maganda amekunywa. Hayo nayaamini, nayatayarisha mwenyewe.

Posho, siku ya sita, tarehe 12
Papa amezidiwa. Maneno yake hayaungani. Baba mdogo amekuja kumwona ndugu yake, na yeye pia anasema karuho. Kesho baada ya ibada Furaha atarudishwa kwao, na Papa atapelekwa kwa mzee anayetapisha watu sumu. Nimekubali. Nimefurahi hata, naandika ukweli.

Yenga, siku ya ibada, tarehe 13
Hatukufika kanisani.
Kulipokucha Papa hakuamka. Macho nusu wazi, shati limelowa. Nilipiga kelele. Furaha ndiye aliyekimbia kumwita muganga wa kituo chetu cha afya. Miguu tupu, tope mpaka magotini.
Muganga alimtoboa Papa kidole, akaangalia kamashini kake ka kupimia damu. "Sukari imeisha mu damu." Akamwekea serumu, maji ya sukari ya mshipani. Papa alifungua macho kabla hatujamaliza kuomba.
Baba mdogo akamnyooshea Furaha kidole. "Uyu njo alimupa karuho!"
Muganga alinigeukia. Aliniuliza mimi: "Mama, anakunywa nini ingine pamoja na kinini?"
Nilileta sufuria. Akanusa, akaonja, akatema.
"Iyi iko kinkina. Kinini wanaitoa mu iyi ganda. Ulikuwa unamupa dawa moja mara mbili. Ikipita kipimo, masikio inalia, macho inafifia, na mwili inamaliza sukari yote."
Nikasema ni dawa ya mti tu, haina chimie, kemikali za kiwandani.
"Chimie njo iko mu muti, Mama. Kidonge ilitokea pale." Kisha: "Na chakula? Alikuwa anakula?"
"Nilimwaga maziwa yake."
Wote walisikia. Baba mdogo aliangalia chini.

Siku ya pili ya juma, tarehe 15
Muganga amesimamisha kinini. Papa anakula viazi. Anajua majina yetu. Sikio la kushoto bado linalia. Muganga anasema labda litapona, labda hapana.
Nilikwenda kwa Furaha. Njiani nilikuwa na maneno mengi. Nilitoa moja: "Unisamehe."
Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.
"Baba mudogo alishaambia watu ya kanisa ni miye nilimupa karuho," alisema. "Weye njo utaenda kuwaambia vile ilikuwa."
Nitasimama mbele yao Yenga. Naogopa.
Nilikaa chini karibu naye. Baada ya muda alisogeza ungo katikati yetu. Tulichambua mpaka mvua ikaanza.